Maneno tuliyosema ku mkutano: Kuku alalie, siye tuchunge

Wamama, wababa, na ninyi mnaotusaidia,

Tuliporudi Fizi kutoka kambi ya Nyarugusu, vibanda vya kuku vilikuwa vitupu. Mkatupatia kuku. Tuseme ukweli: mayai ya kwanza tuliyaharibu siye wenyewe. Tuliyaosha, tena tukamlaza kuku mmoja juu ya mayai 20. Hakuweza kuyafunika. Vikatoka vifaranga 3 tu.

Sasa tumejifunza. Mayai ni 10 ao 12, yasioshwe. Siku ya 7, usiku, tunayamulika na tochi: lenye mishipa linabaki, lililo jeupe tunalitoa. Siku ya 21 vinaanguliwa. Maji tunayaweka ku kisahani chenye vijiwe, vifaranga visizame.

Kinachotumaliza bado ni kideri. Chanjo yake ni tone moja ku jicho, lakini haipendi joto. Kwa hiyo wafadhili, msilete kuku wengine. Tusaidieni sanduku la kutunza baridi. Na siye wanachama, kila nyumba iliyopata kuku itoe mitetea 2 kwa jirani aliyerudi nyuma yetu. Tulipewa, nasi tutoe.