Vito vya Bonde la Umba: Faida ya Kuijua Mali Yako

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Huenda mkashangaa kwamba mbele ya wakulima wa mkonge, nazi na machungwa nimechagua kuzungumza juu ya vito. Nimefanya hivyo kwa sababu Mkoa wetu wa Tanga una jiwe ambalo kisa chake kinamhusu kila mzalishaji auzaye mali yake kwa daraja lililopangwa na mtu mwingine.

Mto Umba huanzia katika milima ya Usambara, hupita nyikani, na kuingia baharini karibu na Vanga, ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Katika bonde lake, miaka ya 1960, wachimbaji walipata yakuti za rangi nyingi, nyingine zikionekana kwa rangi moja juani na kwa rangi nyingine penye mwanga wa taa. Walipata pia garneti za waridi iliyoelekea zambarau, ambazo wanunuzi walizitaka. Lakini ndani ya mafungu hayo mlikuwa na mawe mengine, ya rangi ya machungwa iliyochanganyika na waridi. Hayo wanunuzi waliyakataa, kwa kuwa hayakufanana na aina yo yote waliyoijua. Yakatengwa, yakaitwa kwa dharau "malaya", yaani yasiyo na ukoo.

Wataalamu walipoyapima waliona kuwa ni garneti halisi, ambamo magnesiamu na manganizi zimechanganyika kwa namna ya pekee. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 masonara wa ng'ambo wakaanza kuyatafuta. Jiwe lilikuwa lile lile, kando ya shimo na katika pete. Kilichoongezeka ni elimu, na elimu hiyo haikuwa mikononi mwa aliyelichimba.

Hata wakubwa wa dunia wamekosea. Mbele ya taji la wafalme wa Uingereza kuna jiwe jekundu lililosifiwa kwa karne nyingi kuwa yakuti, kumbe ni spineli. Jina laweza kulikweza jiwe au kulidhalilisha. Kipimo ndicho kisemacho kweli.

Tazameni basi mwaka 2020. Bwana Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mirerani, aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Uzito na bei vilitangazwa hadharani, na taifa zima likasikia.

Ndugu makatibu, mnunuzi anapoyatenga mazao ya mwanachama na kusema ni ya daraja la chini, msikubali kwa ukimya. Ulizeni sababu. Pimeni kwa mizani ya chama, mbele ya mwenye mali. Tafuteni mtaalamu wa pili kabla ya kuuza. Kisha andikeni uzito, daraja na bei siku ile ile, kwani wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wenzetu wa Umba walitupa kando walichokuwa nacho kwa sababu hapakuwa na wa kuwaambia thamani yake. Chama kipo ili mwanachama asikose wa kumwambia.