Kukumbuka na Kusahau: Maneno kwa Walimu

Hotuba iliyosomwa mjini Songea mbele ya walimu, wazazi na wanachama



Tumeombwa tuseme juu ya elimu, na huenda wengi wenu mlitazamia tutasema juu ya majengo, madawati na mishahara. Hayo ni mambo ya haki na hatutaacha kuyadai. Lakini leo twataka kusema juu ya jambo lisilohitaji saruji wala mabati, nalo ni jinsi mtoto anavyokumbuka anachofundishwa, na kwa nini anakisahau. Shule hata ikiwa nzuri namna gani, mtoto akitoka humo bila kitu kichwani, tumejenga kivuli cha kukalia tu.

Kila mwaka twasikia malalamiko yale yale. Mwalimu asema: "Jambo hili niliwafundisha wiki tatu zilizopita, wakaitikia wote, na leo hakuna hata mmoja anayelijua." Mzazi asema: "Mwanangu mvivu." Na mtoto mwenyewe, akisikia hayo kila siku, huamini kwamba hana akili, akaacha shule akaenda zake. Sisi twasema kwamba mara nyingi wote watatu wanakosea. Kusahau si uvivu, wala si upungufu wa akili. Kusahau ni desturi ya kichwa cha kila binadamu, na desturi hiyo ina kanuni zake, kama mvua na kiangazi zilivyo na majira yake. Mkulima asiyejua majira hupoteza mbegu, akailaumu ardhi.

Mwaka 1885 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, jina lake Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu juu ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alijifunza kwa moyo safu za silabi zisizo na maana yoyote, kisha akapima, baada ya muda fulani, ni kiasi gani kilichobaki. Aliona kwamba baada ya saa moja tu zaidi ya nusu ya faida ya kazi yake imekwisha potea. Baada ya siku moja karibu theluthi mbili zimepotea. Toka hapo upotevu huenda polepole, hata baada ya mwezi mzima bado alikuwa na sehemu kama moja katika tano. Mwaka 2015 wataalamu wengine waliyarudia majaribio yake wakapata jibu linalofanana nayo sana.

Walimu wetu, tazameni jambo hili. Hasara kubwa hutokea mwanzoni, si mwishoni. Mwalimu anayefundisha somo Jumatatu, asilitaje tena mpaka wiki ya mtihani, amefanya kama mtu aliyepanda mahindi asirudi shambani mpaka siku ya kuvuna. Hapa Ruvuma nani asiyejua maana ya palizi? Tena hatupalilii mara kumi kwa siku moja tukajisifu kwamba tumemaliza. Twapalilia, tunaacha siku zipite, tunarudi tena. Na somo ni hivyo hivyo. Dakika kumi leo, dakika tano kesho, dakika tano wiki ijayo, na nyingine mwezi ujao, hufaa kuliko saa nzima ya kukaririshwa kwa siku moja.

Lakini kurudia kwa namna gani? Hapa ndipo wengi tunapopotea. Twadhani kurudia ni mwalimu kusema tena na darasa kuitikia tena. Darasa la watoto 60 likiitikia kwa sauti moja, ukisikia nje utasema shule hii inasoma kweli kweli. Ingia ndani umwulize mmoja mmoja. Utakuta watoto 10 ndio waliosema, na 50 waliazima sauti zao.

Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitangaza jaribio ambalo kila mwalimu yafaa alijue. Waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Kundi moja liliisoma mara nne. Kundi lingine liliisoma mara moja tu, kisha likaambiwa mara tatu liandike, bila kuitazama, kila linachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikuwa mbele. Lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tu walikumbuka kama sehemu 40 katika 100, na wale waliojiuliza wenyewe walikumbuka kama 61. Na ajabu ni kwamba waliosoma mara nne ndio waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka. Basi kuzoea maneno machoni si kuyajua. Njia ya kukifanya kitu kikae kichwani ni kukitoa kichwani mara kwa mara.

Wazee wetu hapa watacheka, maana hilo walilijua kabla ya Marekani kutuandikia. Jioni, moto umewashwa, bibi asema "Kitendawili!" na watoto wanajibu "Tega!" Hawapi jibu. Anawaacha wahangaike, wakisie, wakosee, na wakishindwa anataka apewe mji. Ndipo anapolifumbua. Mtoto aliyehangaika na fumbo lile halisahau jibu lake, na kesho yake anakwenda kulitega kwa wenzake. Watoto hawakuwa na daftari wala kalamu, wala hawakuogopa mtihani, na hata hivyo walikumbuka mamia ya mafumbo mpaka uzee. Tukaja shuleni tukaiacha busara hiyo mlangoni, tukachukua ya kasuku.

Jambo la pili ni kujua kwamba kichwa kina mahali pawili. Pako mahali pa kushikia na pako mahali pa kuwekea. Pa kushikia ni kama mikono: mtu hawezi kubeba magunzi mengi ya mahindi kwa mikono mitupu. Mwaka 1956 mtaalamu George Miller alisema mikono hiyo ya akili huchukua vitu kama saba kwa mara moja. Wataalamu wa baadaye wamepunguza wakasema kama vinne. Pa kuwekea ni kama kihenge, na hakuna aliyekwisha kuona mwisho wa kihenge hicho. Kwa hiyo mwalimu anayemwaga mambo kumi na tano mapya kwa pumzi moja asishangae yakianguka. Ayagawe mafungu mafungu. Ayape mafungu hayo maana, kwa kuwa fungu lenye maana huhesabiwa kitu kimoja.

Na hapa hatuna budi kusema juu ya lugha. Mtoto wa Songea mara nyingi ameanza maisha kwa Kingoni, Kindendeule, Kimatengo au Kiyao. Shule ya msingi ya serikali imemfundisha kwa Kiswahili. Akiingia sekondari anakuta karibu masomo yote ni Kiingereza. Siku hiyo mikono yake yote imejaa maneno: huyu anatafuta maana ya neno la kwanza, na mwalimu yuko kwenye sentensi ya tatu. Hakuna nafasi iliyobaki ya kushika jambo lenyewe. Basi anafanya awezalo. Anakariri sauti bila maana, na tumekwisha kuona kwa Ebbinghaus sauti zisizo na maana zinavyopotea. Kisha twamwita mjinga. Ndugu zangu, huu si ujinga wa mtoto. Ni mzigo tuliomtwika sisi watu wazima. Neno la kubadili lugha ya sekondari lina mahali pake pa kuamuliwa, na tutaendelea kulisema huko. Lakini hata kabla ya uamuzi huo, mwalimu anaweza kuhakikisha kwamba jambo limeeleweka kwanza katika lugha aijuayo mtoto, ndipo apewe jina lake katika lugha ya mtihani.

Jambo la tatu: kitu kipya hushikwa na kitu cha zamani. Frederic Bartlett, mtaalamu wa Cambridge aliyetoa kitabu chake juu ya kukumbuka mwaka 1932, alieleza habari za mchunga ng'ombe mmoja wa Uswazi. Mtu huyu aliulizwa juu ya ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja nyuma. Akawataja, na rangi zao na bei zao, akikosea mambo mawili madogo tu. Wazungu waliokuwako waliona ni ajabu. Bartlett hakuona ajabu, maana kijana wa huko huko alipopewa ujumbe wa kawaida wa kupeleka hakuzidi mtoto wa Kiingereza. Mchungaji alikumbuka ng'ombe kwa sababu ng'ombe ndio maisha yake. Na Waswazi, wazee wa Kingoni mnajua, si watu wa mbali na asili ya Wangoni. Nanyi mnao watoto wasioweza kukumbuka jedwali la saba, lakini wanakumbuka bei ya debe la mahindi kwa kila mwezi uliopita. Kwa nini hesabu isianzie kwenye debe?

Tuchukue mfano wa historia, maana tuko Songea. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa mjini viongozi wetu wa vita vya Maji Maji, na Nkosi Mputa Gama alikuwa mmoja wao. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu una jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. Mtoto akiambiwa akariri tarehe hiyo peke yake, itamtoka. Lakini mwambie kwamba tarehe 27 Februari 1885, miaka 21 kamili kabla ya hapo, ndiyo siku Kaisari wa Ujerumani alipotia sahihi hati ya kuilinda kampuni ya Carl Peters katika nchi zetu. Siku ile ile ya mwaka waliyotuandikia karatasi ndiyo waliyotutundikia kamba. Mpeleke kwenye Makumbusho ya Maji Maji akasimame kwenye kaburi la mashujaa. Kisha baada ya wiki moja mwulize, vitabu vikiwa vimefungwa. Hataisahau.

Lakini ukweli una upande wa pili, na mwalimu mwaminifu asiufiche. Kumbukumbu si picha iliyotundikwa ukutani. Kila tunapokumbuka twajenga upya, na katika kujenga twaongeza na twapunguza bila kujua. Bartlett alilionyesha hilo pia. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walianza kwenda vijijini katika nchi za Maji Maji kuandika maneno ya wazee, zaidi ya miaka 60 baada ya vita. Walikuta hazina kubwa, kwa sababu watu wetu waliendelea kusimuliana, hata pale kitabu cha mkoloni kilipoviita vita vile maasi ya washenzi. Lakini kazi yao ilikuwa kulinganisha neno la mzee huyu na neno la mzee yule, na la karatasi za Wajerumani wenyewe. Tuwafundishe watoto kufanya hivyo hivyo. Wamheshimu msimulizi, na wamwulize. Taifa linalokumbuka bila kupima hudanganywa kwa urahisi, na taifa lisilokumbuka kabisa hutawaliwa tena.

Sasa neno juu ya fimbo. Wako wanaosema mtoto akichapwa atakumbuka. Naam, atakumbuka. Atakumbuka fimbo, na uso wa aliyeishika, na siku ile. Hesabu haitakuwamo. Hofu hujaza ile mikono tuliyoitaja, mtoto akabaki na kazi moja tu, ya kutazama mkono wa mwalimu unakwenda wapi. Zaidi ya hayo, darasa lenye hofu halikisii, na asiyekisia hajifunzi. Kosa la mtoto lililosahihishwa kwa upole saa ile ile ni mali ya darasa zima.

Basi twaomba nini? Kwa walimu: kila kipindi kianze kwa dakika tano vitabu vimefungwa, kila mtoto aandike, au pasipo karatasi amweleze jirani yake, anachokumbuka cha jana na cha wiki iliyopita; kisha mwalimu asahihishe. Maswali hayo yasiwe ya maksi wala ya adhabu. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotolewa Machi 1967, ulikwisha kutuonya tusiifanye elimu kuwa mtumwa wa mtihani. Lakini swali dogo la kila siku si mtihani ule, ni palizi.

Kwa wazazi: mtoto apate kula, na apate kulala. Wakati wa usingizi ndipo akili hupanga kihenge chake. Mtoto anayekesha, au anayekaa darasani na njaa toka asubuhi, hawezi kushika hata angefundishwa na malaika. Na jioni mwulizeni: "Leo mmefundishwa nini?" Mzazi asiyejua kusoma aweza kuuliza swali hilo. Mtoto akimweleza mama yake, amejifunza mara ya pili.

Kwa matawi yetu: chakula cha mchana shuleni kiwe ajenda ya mkutano, na si jambo la kutajwa tu wakati wa kuaga. Kila tawi lihesabu watoto walioacha shule kwa kuitwa wajinga, liwatembelee majumbani kwao.

Ndugu zetu, zamani tulinyimwa shule kwa makusudi, na tulijua adui ni nani. Leo mtoto anaweza kukaa shuleni miaka saba akatoka mikono mitupu, na hakuna mkoloni wa kumlaumu. Kazi hiyo ni yetu. Kesho asubuhi, mwalimu atakapoingia darasani, na aanze kwa kuuliza.