Mandera na Mto Daua: Jiografia na Hali ya Hewa ya Mji wa Mpakani



Mji wa Mandera uko kwenye pembe ambapo Kenya, Ethiopia na Somalia zinakutana. Ng'ambo ya Mto Daua ni Suftu, Ethiopia. Upande wa mashariki, mwendo wa miguu, ni Bula Hawa, Somalia. Mji uko mita 230 hivi tu juu ya usawa wa bahari ingawa pwani iko mbali, ndiyo maana joto lake ni kali: nyuzi 35 mchana si habari kwa mwenyeji.

Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 250. Huja Machi hadi Mei, msimu ambao Wasomali huuita gu, kisha Oktoba hadi Desemba, yaani deyr. Mgeni huuliza mbona nchi iliyo karibu hivi na ikweta ni kame. Sababu kubwa ni upepo. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi huvuma kwa kasi sambamba na pwani ya Somalia, maji baridi ya kilindini yakaibuka, na hewa ikakosa nguvu ya kupanda na kufanya mawingu. Miezi hiyo ni vumbi tu.

Daua una kalenda nyingine. Chanzo chake ni milima ya kusini mwa Ethiopia, inakonyesha mvua nyingi kuliko kwetu kwa mbali. Maji hupita Malka Mari, yakaja Rhamu, yakafika Mandera, kisha yakashuka hadi Dolo kukutana na Genale na kuwa Juba. Kwa hiyo mkulima wa vitunguu na ndizi kando ya mto anaweza kupoteza shamba lake kwa mafuriko hali mbingu juu yake ni nyeupe. Na katika ukame mkali mto hukatika kabisa, watu wakachimba mchangani kutafuta maji, na maboza ya maji yakaanza kuzunguka mitaani.

Tumeyaona yote mawili kwa karibu sana. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, mifugo ikafa. Mwaka 2023, Bahari ya Hindi ilipopata joto upande wetu na El Niño ikiwa kazini, deyr ilileta mafuriko. Ardhi iliyokauka na kuwa ngumu, isiyo na majani, hainywi maji ya ghafla. Kila laga, yaani mkondo mkavu wa msimu, hugeuka mto.

Hoja yangu ni hii: tunapanga kwa ramani ya kaunti jambo ambalo mwanzo wake uko nje ya kaunti, na nje ya nchi. Wafugaji wa jamii ya Garre, walio pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Ethiopia, hutuma watu watangulie kutazama malisho na maji kabla ya kuhamisha ngamia. Taasisi zetu zina satelaiti na wataalamu, lakini ujuzi wa namna hiyo haujaingia vya kutosha katika mipango yao.

Naomba semina hii ipendekeze vipimo vya kina cha maji katika sehemu ya juu ya mto, kwa makubaliano na wenzetu wa Ethiopia, na taarifa zake zimfikie mkulima moja kwa moja kwa simu, kwa Kisomali na Kiswahili. Rhamu iko upande wetu; hapo tunaweza kuanza bila kungoja mkataba wowote.