Kaka Yangu Hakurudi Darasani: Mkulima wa Mpunga na Visumbufu vya Mazao



Nasoma sheria, ila leo naanzia shambani.

Nimekulia bonde la Kilombero. Mpunga ukianza kutia maziwa, mimi na kaka yangu tulipanda dunguni alfajiri, kombeo mkononi, kopo pembeni, tunaamia kweleakwelea mpaka jua lizame. Shule ilisubiri. Kwelea mmoja anakula kama gramu 10 kwa siku. Unaona kidogo? Ndege milioni moja ni tani 10, kila siku! Mwaka mmoja kaka hakurudi darasani tena. Mimi nilirudi, ndiyo maana nipo hapa.

Halafu kuna kimyanga. Mama alijua toka utotoni kwamba majani yakiwa ya njano, shamba lina njaa, litie mbolea. Akakopa, akanunua urea, akamwaga. Njano ikazidi. Kumbe ni virusi! Vinasambazwa na wadudu, na hata mikono na zana zetu wenyewe. Pale ilitakiwa kung'oa miche mapema na kuiteketeza. Nani alimwambia? Bwana shamba tulimsikia kwa jina tu. Mavuno yakaenda, deni likabaki.

Msinielewe vibaya, mama si mjinga. Anajua kwamba mkipanda wote kwa pamoja ndege wanagawanyika, ukichelewa peke yako wanakuangukia wewe. Elimu hiyo hakuipata kwenye semina. Ila ugonjwa ambao macho yanauona kama njaa ya udongo, unahitaji mtaalamu afike.

Sasa sheria. Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 imeunda mamlaka ya kushughulikia visumbufu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kazi inayodhuru elimu yake. Je, tumshtaki mama? Angemshusha mtoto dunguni, familia ingekula nini?

Kwa hiyo vijana, diwani akiitisha mkutano, msiende kupiga makofi. Muulizeni: kata ina maofisa ugani wangapi? Kwelea waliripotiwa lini, na dawa ilinyunyiziwa baada ya siku ngapi? Bajeti ya halmashauri imetenga shilingi ngapi? Andikeni majibu, tarehe na jina la aliyejibu, mtuletee. Bila ushahidi, hoja yetu itabaki kelele.