Tusingoje Damu ya Watoto
Mhadhara wa umma, Bombolulu, Mombasa



Mwaka 1982, katika Warren County huko Marekani, Wamarekani weusi walilala barabarani kuyazuia malori ya udongo wenye sumu. Jaa lilijengwa pamoja na hayo, lakini dunia ilijua kuwa taka hazitupwi ovyo tu. Huelekezwa kwa asiye na sauti.

Hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 2007, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifunguliwa kando ya Owino Uhuru, mtaa wa watu wapatao 3,000 kule Mikindani. Moshi uliingia vyumbani, maji machafu yakapita vichochoroni. Madini ya risasi ya betri hizo humwingia mtoto kwa vumbi analolichezea, yakamwathiri ubongo polepole, mzazi asijue.

Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alijua mwanawe mchanga alipougua na risasi ikaonekana katika damu yake. Watoto wa majirani nao walipopimwa, maradhi ya nyumba moja yakawa kesi ya mtaa mzima. Waliandika barua, wakaandamana. Mwaka 2012 Omido alikamatwa, akashtakiwa, kisha akaachiliwa huru na mahakama. Kiwanda kilifungwa 2014.

Tarehe 16 Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2023. Tarehe 6 Desemba 2024, Mahakama ya Juu ikairejesha. Ilikuwa miaka 17 tangu tanuri la kwanza liwashwe.

Ushindi huo ni mkubwa, nami nauheshimu. Lakini ushahidi wake ulikuwa damu ya watoto, na hakuna fidia inayomrudishia mtoto akili iliyoharibiwa na sumu.

Katiba ya 2010 haikututaka tufike huko. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapotishiwa, bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna mtu aliyekwisha kudhurika. Sheria haingoji mgonjwa. Kwa nini sisi tumngoje?

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Basi watu wa Bombolulu, kila nyumba kumi ziwe na daftari moja: siku gani moshi ulitanda, mtaro gani ulibadilika rangi, mtoto wa nani anakohoa. Mradi mpya ukija, ombeni ripoti ya tathmini ya athari zake kwa mazingira kabla jiwe la kwanza halijawekwa, na msomewe kwa lugha mnayoielewa. Daftari hilo lianze jioni ya leo, watoto wetu wangali wazima.