GITAA LA BESI, NA NANI ATAKAYELICHUKUA NYUMBANI
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa tawi, Kariokor)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, wazee wetu, akina mama, nanyi vijana wa bendi mliokaa karibu na mlango kama watu wanaotaka kutoroka:

Nimeombwa niseme juu ya gitaa la besi. Mchango wa wanachama kwa ajili ya bendi ya tawi umefika kiasi cha kununua, na vijana wamegawanyika. Wako wanaotaka besi ya namna hii, wako wanaotaka ya namna ile, na juma lililopita nusura washikane mashati. Fedha zilizopo mhazini amekwisha kuzisoma, sitazirudia. Yatosha kusema kwamba hazinunui besi mbili.

Mimi si mwalimu wa muziki. Mchana ni fundi wa umeme wa magari, na Jumamosi usiku napiga besi, tangu ujana wangu hata leo. Nimekwisha kushika besi nyingi za watu. Nasema "za watu" makusudi, na sababu yake mtaisikia.

Kwanza tuelewane besi ni kazi gani. Asiyejua muziki husikia mwimbaji na gitaa la solo, akadhani wimbo ndio huo. Besi ina nyuzi nne nene, na ule mnene kuliko zote, ukiachwa wazi, hutikisika kama mara 41 kwa sekunde moja. Sauti kama hiyo huingia kwa kifua kuliko kwa sikio. Ndiyo inayowaambia miguu wakati wa kushuka. Mkitaka kuhakikisha, zimeni besi katikati ya wimbo, mtaona watu wanarudi vitini bila kujua sababu.

Zamani besi ilikuwa lile dude kubwa la kusimama, refu kuliko mpigaji. Kulibeba ni taabu, na mbele ya ngoma na tarumbeta halisikiki. Mtu aliyeleta nafuu alikuwa fundi wa kutengeneza redio huko California, Marekani, jina lake Leo Fender. Jambo ninalolipenda juu ya bwana huyu ni kwamba gitaa lenyewe hakujua kulipiga. Aliwasikiliza wapigaji, akauliza kinachowaumiza, akarudi mezani kwake. Mwaka 1951 akatoa besi ya umeme aliyoiita Precision. Ni ubao mzito usio na tundu la sauti, shingo ndefu, na vyuma vidogo vimekatiza shingoni ili kidole kikikanyaga, sauti itoke pale pale bila kubahatisha. Chini ya nyuzi aliweka sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara elfu nyingi. Vijana huita kidude hicho pikapu, lakini si ile iletayo kabeji Marikiti.

Besi hiyo ndiyo baba wa karibu zote mnazoziona. Uzi wake, toka juu shingoni hadi darajani, ni inchi 34. Pikapu yake tangu 1957 imegawanywa vipande viwili, na kwa mpango huo ule mngurumo wa umeme hufa. Sauti yake ni moja tu: nene, ya kati, inayokaa chini ya waimbaji bila kugombana nao. Anayeipenda husema, "Nawasha, napiga, kazi imekwisha." Asiyeipenda husema haina mapambo, na shingo yake ya zamani ilikuwa pana, inchi moja na robo tatu pale juu, ikichosha mkono mdogo.

Kwa hao Fender akatoa nyingine mwaka 1960, iitwayo Jazz. Urefu ni ule ule, ila shingo imebanwa pale juu hadi inchi moja na nusu, na pikapu ni mbili, kila moja na kitufe chake. Ukipunguza ya mbele na kuacha ya nyuma, sauti inakuwa kali, kila noti inasimama peke yake. Wapigaji wa vidole vyepesi huipenda mno. Kasoro yake ni kwamba ukifungua pikapu moja peke yake inavuma kama nyuki, hasa kwenye ukumbi wenye taa za mirija na waya zilizounganishwa ovyo. Kumbi zetu mnazijua.

Iko pia ile ndogo yenye umbo la fidla, Höfner ya Ujerumani, iliyotoka katikati ya miaka ya 1950. Uzi wake ni inchi 30 tu, ndani ina uwazi, ni nyepesi kama kapu tupu. Paul McCartney wa Beatles alinunua yake Hamburg mwaka 1961. Yeye hupigia mkono wa kushoto, na umbo hilo likigeuzwa halionekani kinyume. Tena bei ilikuwa ndogo. Kijana wetu mmoja anaitaka hiyo hiyo. Sauti yake ni tamu, ya duara, kama mtu anayepiga mtungi kwa kiganja. Lakini mwanangu, pandisha spika katika ukumbi wenye watu mia tatu, itaanza kulia yenyewe kabla hujaigusa. Uwazi ule wa ndani unarudisha sauti.

Mwisho nitaje zile za betri. Fender alipokwisha kuuza kampuni yake mwaka 1965 hakukaa bure. Mwaka 1976 kampuni ya Music Man aliyoshiriki ikatoa StingRay, ambayo ndani yake mna kifaa cha kuongeza nguvu kinachotumia betri. Inakata kama panga jipya. Ila ukisahau kuchomoa waya wake baada ya kupiga, betri inaendelea kuliwa, na Jumamosi ijayo itanyamaza katikati ya wimbo, wewe umesimama watu wanakutazama. Hili limenipata, sihitaji kusimuliwa.

Sasa, nani mwenye haki kati ya vijana wetu? Nasema sikilizeni kwanza muziki mnaopiga. Katika benga, kama alivyoipiga D. O. Misiani na Shirati Jazz, besi haiko nyuma ya wenzake. Inasukuma, inajibizana na solo, na wimbo ukifika pale pa kasi ndiyo inayobeba mzigo. Hapo yafaa sauti ngumu yenye ncha. Halafu chukueni "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyozaliwa humu Nairobi mwaka 1978 wapigaji kadhaa walipotoka Simba Wanyika. Besi ni ya Tom Malanga. Msikilize: hajazi kila nafasi. Anasema neno, ananyamaza, anasema jingine, na kule kunyamaza kwake ndiko kunakokuinua kitini. Kazi kama hiyo haitaki vitufe vingi. Yataka besi inayotoa noti safi na kuikata unapotaka ikatike.

Wengine hudhani siri iko kwenye jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa. Niwape habari ya mfanya kazi mwenzetu, James Jamerson wa Detroit, mji wa viwanda vya magari. Kampuni ya Motown ilipata jina lake kutokana na magari hayo, na mwenyewe, Berry Gordy, alipata kufanya kazi katika kiwanda cha magari. Jamerson alipiga besi katika santuri nyingi mno zilizouzwa dunia nzima miaka ya 1960. Besi yake ilikuwa Precision ya 1962, nyuzi laini zisizo na mikwaruzo, nzee, asizopenda kuzibadilisha, na mkono wa kulia alitumia kidole kimoja tu. Kidole kimoja! Lakini ukinunua santuri hizo hukuona jina lake mahali. Ilikuwa mwaka 1971, katika "What's Going On" ya Marvin Gaye, ndipo majina ya wapigaji yakaandikwa kwenye jalada. Na besi ile iliibwa mwaka 1983, muda mfupi kabla ya kufa kwake. Ya McCartney nayo iliibwa London mwaka 1972, ikapatikana baada ya zaidi ya miaka hamsini, habari zikatangazwa Februari 2024. Tajiri kama McCartney hununua nyingine kesho yake. Mpigaji wa kawaida akiibiwa besi ameibiwa kazi.

Nami nifike kwenye zile "besi za watu." Nilipokuwa kijana nilipiga katika baa moja, sitaitaja. Vyombo vyote vilikuwa vya mwenye baa. Besi yenyewe ilikuwa ya Kijapani, mfano wa Precision, rangi imeng'oka nyuma ya shingo kwa jasho la walionitangulia. Niliipenda kuliko besi yoyote niliyoshika kabla au baada yake. Uzi ukikatika, anakata mshahara. Ukichelewa, anakata mshahara. Usiku mmoja mpiga ngoma wetu akaomba nauli ya kuturudisha nyumbani saa tisa, maana tulitembea kwa miguu kutoka huko hadi hapa Kariokor, na mwenzetu mmoja alikuwa amekwisha kupigwa na wahuni njiani. Tajiri hakujibu. Kesho yake tulikuta vyombo vimefungiwa stoo.

Siku nne tulikaa. Nikaenda kwa katibu wa chama, akaniuliza, "Nyinyi mna nini mkononi?" Nikamwambia, "Mikono yenyewe." Akasema kwa hayo atajaribu, na kweli alijaribu. Ijumaa nikapita karibu na baa ile, nikaisikia ile besi kutoka barabarani. Niliijua kwa mlio wake. Noti ya tatu ya uzi wa pili ilikuwa na kamlio kadogo kwa sababu chuma cha shingoni kilikuwa kimelika. Mtu mwingine alikuwa anaipiga, tena vizuri. Sikumlaumu. Naye alikuwa na watoto.

Ndiyo maana naona mabishano ya vijana yameanzia mahali pasipofaa. Kabla ya kuuliza ni Precision au ni Jazz, ulizeni itakuwa ya nani na italala wapi. Wenzetu wa Tanzania walipata kulijaribu. Mwaka 1964 chama cha wafanya kazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz. Wapigaji waliajiriwa, vyombo vikawa vya chama. Chama kilipobadilika jina, bendi nayo ikabadilika: JUWATA Jazz, halafu OTTU Jazz, na watu wanaijua zaidi kwa jina la Msondo Ngoma. Faida yake ni kwamba mwenye baa hawezi kukufungia stoo. Hata hivyo si kila mpigaji alitulia huko. Mwaka 1978 baadhi yao walitoka JUWATA wakaenda kuanza Mlimani Park. Chombo kikiwa cha chama, anayetoka hutoka na mikono yake tu, kama mimi nilivyotoka.

Kwa hiyo rai yangu ni hii, nanyi mwaweza kuikataa kwa kura. Besi iandikwe katika daftari la mali ya tawi, pamoja na namba yake ya nyuma, tena ipigwe picha. Lakini isifungiwe ofisini. Najua Ndugu Katibu hapendi kusikia hivyo, na hofu yake ya wezi si ya bure. Besi iliyofungiwa kabatini Jumatatu hadi Ijumaa haimfundishi mtu. Mpigaji atie sahihi, aende nayo nyumbani, na akipata kazi ya harusi aende nayo huko, atoe sehemu ndogo kwa ajili ya nyuzi na ukarabati. Na akitaka kuinunua kidogo kidogo ili tawi linunue nyingine, aruhusiwe.

Juu ya aina yenyewe, mimi napiga kura yangu kwa Precision, au mfano wake. Squier, Yamaha au Ibanez iliyotumika itatutosha. Sababu zangu si za urembo. Ina kidude kimoja, vitufe viwili, haina betri, na mimi mwenyewe naweza kuitia lehemu ikikatika waya. Kitakachobaki kiende kwenye spika ya besi hasa. Spika ya gitaa la kawaida, besi huipasua. Mkanda tusiununue dukani mjini. Hapa sokoni Kariokor mafundi wa ngozi watatushonea mpana, usioumiza bega, maana besi hiyo ina kilo nne au zaidi.

Tutakapokwenda kuitazama, asiwepo wa kuanza kwa kupiga mapambo. Kwanza ishikeni kama bunduki, mtazame shingo kwa jicho moja kama imenyooka. Ikiwa imepinda kidogo si neno, ndani yake mna chuma kinachokazwa kwa ufunguo, robo mzunguko kwa siku, usikaze kwa hasira. Kisha kanyageni chuma cha 12 katika kila uzi, msikilize kama noti ni ile ile ya uzi ulio wazi, ila juu zaidi. Zungusheni vitufe, vikikwaruza, bei ishuke. Pigeni kila noti moja moja, taratibu, shingo nzima, hata mwenye duka akinuna.

Jumamosi saa nne asubuhi tukutane Luthuli Avenue, watu watatu, si bendi nzima. Mhazini aje na stakabadhi. Waya na tochi nitakuja navyo mimi.