Kopo Moja, Nyumba Nzima: Kukadiria Vipodozi Vinavyomfikia Mtumiaji wa Thika na Ruiru



Anayetathmini usalama wa losheni huanza na swali hili: mtu anajipaka kiasi gani kwa siku? Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya kuhusu usalama wa watumiaji ina jibu ambalo wengi wetu watengenezaji na wakaguzi wa vipodozi hulinakili: gramu 7.82 za losheni ya mwili. Kiasi hicho kilitokana na mazoea ya Wazungu, nyumbani kwao.

Tukifanyie hesabu, tukichukua mtu mzima wa kilo 60. Kihifadhi kiitwacho fenoksiethanoli huruhusiwa Ulaya hadi asilimia 1. Basi gramu 7.82 zinabeba miligramu 78.2. Pasipo vipimo vya ngozi, huchukuliwa kwamba nusu inapenya, yaani miligramu 39.1. Gawanya kwa 60, unapata kama miligramu 0.65 kwa kila kilo ya mwili. Kisha huchukuliwa kipimo kikubwa zaidi ambacho hakikuwadhuru wanyama wa maabara, kikagawanywa kwa hiyo 0.65. Jibu likifika 100, kwa kawaida tunaridhika.

Sasa twendeni Kiandutu hapa Thika, au Kimbo kule Ruiru, alfajiri ya Julai. Baridi imekaza. Mama ameshika kopo, anawapaka watoto mmoja baada ya mwingine, utosini hadi nyayoni, wasiende shule wamepauka. Baba naye anachota humo humo kabla ya kukimbilia matatu. Pengine kopo lenyewe ni la mafuta ya kukamulia, yaliyokusudiwa chuchu za ng'ombe. Aliyeandika lebo hakuwahi kulihesabu shavu la mtoto.

Tuseme mtoto wa kilo 12 amepakwa gramu 4 tu za losheni ile ile. Hesabu inatoa miligramu 1.67 kwa kilo, zaidi ya mara mbili ya mtu mzima, ingawa amepakwa karibu nusu ya kiasi chake. Hapo ndipo ninapokosa usingizi.

Shampuu haina uzito huo, kwa kuwa husuuzwa na hukadiriwa kwamba asilimia 1 tu hubaki mwilini. Lakini msusi anayeosha vichwa kutwa nzima anastahili hesabu yake peke yake. Krimu za zebaki siziingizi hapa: ni marufuku, na hakuna hesabu ya kuzihalalisha.

Ninachoomba hakihitaji maabara. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja inatosha. Pima kopo Jumatatu, andika wanaolitumia na uzito wa kila mmoja, kisha lipime tena Jumatatu inayofuata. Wenzangu wa viwanda vya Thika na Ruiru, nanyi wahadhiri wa chuo kikuu cha JKUAT hapo Juja, tuanze na kaya ishirini, Julai ya baridi na Februari ya jua. Hadi tupate takwimu zetu, tafadhali msimpitishe mtoto kwa uzito wa kilo 60.